Mkate Usiokandwa: Changanya Alhamisi Usiku, Oka Ijumaa Asubuhi



Katika toleo hili napenda kueleza namna ya kutengeneza mkate wa ganda gumu na matundu mengi ndani, kama ule unaouzwa kwa bei ya juu kwenye maduka makubwa, bila kuukanda hata dakika moja. Vinahitajika vitu vinne tu: unga wa ngano, maji, chumvi na hamira. Kilichobaki ni muda. Kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na mikono, hapa inafanywa na saa za usiku huku nyumba nzima imelala.

Mzazi anaweza kuuliza: mwalimu, hapa Saudi Arabia mkate ni shida gani? Kila mtaa una mwokaji wa tamis, samuli zinauzwa kila duka la jirani, na bei ni riyali chache tu. Kweli kabisa. Mtu asioke mkate huu kwa kutarajia kuokoa pesa. Mimi nauleta hapa kwa sababu ya lugha. Watoto wetu wanajua kusema "mkate" na "nakula mkate". Lakini ukiwauliza unga uliotiwa hamira unafanya nini, wengi hukimbilia Kiarabu au Kiingereza, au husema "unakuwa mkubwa". Neno kuumuka hawana, na hawalaumiki, maana hawajapata kuona unga ukiumuka. Maneno ya jikoni hayakai ubaoni. Mtoto huyaokota pale kazi inapofanyika, na katika nyumba zetu nyingi kazi hizo zimepungua tangu tulipozoea kununua kila kitu kikiwa tayari.

Mkate huu unatufaa kwa sababu hautaki nguvu wala ufundi, na mzazi aliyerudi kazini amechoka anaweza kuumudu.

Kwa nini unaweza kuacha kukanda

Ndani ya unga wa ngano mna protini. Zikipata maji hushikana na kuwa nyuzi zinazovutika, na mtandao wa nyuzi hizo huitwa gluteni. Ndio unaoshika hewa ndani ya mkate, kama vile mpira wa puto unavyoshika pumzi.

Hamira nayo ni viumbe hai vidogo sana, jamii ya kuvu, visivyoonekana kwa macho. Vikipata maji na joto la kutosha, hula sukari iliyomo ndani ya unga na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi. Hewa hiyo hunaswa na gluteni, na unga unaumuka. Watu waliumua unga kwa maelfu ya miaka bila kujua ni nani hasa anayeifanya kazi hiyo. Ni katika miaka ya 1850 na 1860 ndipo mwanasayansi wa Kifaransa, Louis Pasteur, alipoonyesha kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai.

Tunapokanda, tunazisukuma na kuzivuta protini ili zishikane upesi. Lakini unga ukiwa na maji mengi na ukaachwa saa nyingi, protini hushikana zenyewe pole pole, na mapovu ya hewa yanayokua ndani yake huzivuta na kuzinyoosha. Kwa hiyo unga unakuwa kama umejikanda wenyewe. Ndiyo sababu hamira inatiwa kidogo sana. Ikizidi, unga utaumuka upesi na kubonyea kabla gluteni haijapata nguvu. Tena unga uliochacha pole pole una ladha nzuri zaidi kuliko ule ulioharakishwa.

Njia hii ilienea duniani baada ya tarehe 8 Novemba 2006, gazeti la New York Times lilipochapisha makala ya Mark Bittman kuhusu mwokaji wa mjini New York aitwaye Jim Lahey, mwenye duka la mikate la Sullivan Street Bakery. Lahey alitumia robo kijiko cha chai ya hamira, akauacha unga tangu usiku hadi kesho yake, kisha akauoka ndani ya sufuria nzito yenye mfuniko.

Mfuniko una kazi yake. Unga wenye maji mengi hutoa mvuke ukipata moto. Mvuke ukizuiwa ndani ya sufuria, uso wa mkate hubaki laini kwa muda, na mkate unapata nafasi ya kupanda. Baadaye mfuniko ukiondolewa, uso hukauka na kuwa ganda gumu la rangi ya kahawia. Waokaji wakubwa wana tanuri zinazopuliza mvuke. Nyumbani, sufuria iliyofunikwa inatosha.

Pwani yetu haikuwa na haja ya kufundishwa

Wanafunzi wasidhani kwamba mkate usiokandwa ni jambo la Marekani. Zanzibar, Mombasa na sehemu nyingine za pwani kuna mkate wa kumimina, na jina lenyewe linaeleza. Mchele hurowekwa, husagwa pamoja na tui la nazi, sukari na iliki, hutiwa hamira, huachwa uumuke, kisha humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta au samli. Hakuna kukanda hapo. Kabla ya oveni kuingia majumbani, sufuria iliwekwa juu ya makaa, na makaa mengine yakawekwa juu ya mfuniko, moto ukawa chini na juu. Hiyo ni tanuri ndogo iliyotengenezwa kwa sufuria, kabla Lahey hajazaliwa.

Uko pia mkate wa ufuta. Unga wake ni wa ngano, umechanganywa na tui na hamira, na ni mlaini unaonata. Hupigwa kwa mkono ndani ya bakuli badala ya kusukumwa juu ya meza. Ukishaumuka hutandazwa kwenye kikaango kwa mkono uliolowa maji na kunyunyiziwa ufuta, halafu kikaango hugeuzwa kuelekea kwenye makaa ili upande wa juu nao uive. Mkate haudondoki, kwa kuwa umeshika chini.

Hata maneno ya kazi hii yana ndugu zake hapa tulipo. Hamira yetu ni khamira ya Waarabu. Tanuri yetu ni tannur, na ndimo tamis inamookwa, ikibandikwa ukutani. Pwani tuna pia mkate wa mofa, unaookwa kwenye tanuri ya udongo. Wanafunzi wenye marafiki kutoka Jizan, kusini magharibi mwa nchi hii, wawaulize tanuri yao ya udongo inaitwaje. Watajibiwa: mifa. Mtoto akisikia hivyo anaelewa kwamba Kiswahili hakikuja hapa kama mgeni asiyejua mtu.

Vipimo vya mkate mmoja

Unga wa ngano mweupe: gramu 400, yaani vikombe 3 hivi.
Maji ya kawaida: mililita 300, yaani kikombe kimoja na robo.
Chumvi: gramu 8, yaani kijiko kimoja na robo cha chai.
Hamira ya chengachenga: gramu 1, yaani robo ya kijiko cha chai.

Dukani, tafuta hamira iliyoandikwa khamira fawriyya, ambayo haihitaji kuloweshwa kwanza. Pakiti ya gramu 11 inatosha mikate 11, basi ifunge vizuri na uiweke ndani ya friji. Unga ni daqiq. Soma nyuma ya pakiti sehemu ya protini: wenye gramu 11 hadi 13 kwa kila gramu 100 ndio unaofaa. Unga wa keki una protini chache, na mkate wake utakuwa bapa. Mwenye mizani ya jikoni aitumie, kwa sababu vikombe hutofautiana, na mtu mmoja hushindilia unga huku mwingine akiumimina tu.

Hatua kwa hatua

Alhamisi, saa tatu usiku. Weka unga, chumvi na hamira ndani ya bakuli kubwa, uchanganye. Mimina maji, ukoroge kwa mwiko au kwa mkono kwa muda wa dakika moja hivi, mpaka usione tena unga mkavu. Donge litakuwa bayabaya, linanata, halina sura. Ndivyo linavyotakiwa. Usiongeze unga kwa kulionea huruma. Kazi hii mpe mtoto, nawe simama karibu.

Hapa pana somo la saa pia. Saa ya ukutani inaonyesha 9, lakini kwa Kiswahili tunasema saa tatu. Unga ukichanganywa saa tatu usiku, ukaachwa hadi saa tatu asubuhi, umekaa saa kumi na mbili kamili. Mtoto aliyeusubiri mkate kwa saa hizo hatasahau kwamba siku yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza.

Funika bakuli kwa mfuniko au karatasi ya plastiki, uache kwenye meza ndani ya nyumba, kisha mkalale.

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Tazameni unga. Utakuwa umeongezeka mara mbili, una mapovu juu, na ukitikisa bakuli nao unatikisika. Nyunyiza unga juu ya meza, mwaga donge hapo, paka mikono yako unga. Vuta upande mmoja wa donge uukunje kuelekea katikati, kisha upande wa pili, wa tatu na wa nne, kama mtu anayefunga mzigo ndani ya kitambaa. Ligeuze, mikunjo ikae chini, uliweke juu ya karatasi ya kuokea. Lifunike tena kwa muda wa saa moja.

Saa tatu na nusu asubuhi. Weka sufuria nzito na mfuniko wake ndani ya oveni, zote zikiwa tupu, uwashe oveni nyuzi 230. Iache ipate moto nusu saa nzima.

Saa nne asubuhi. Mtu mzima atoe sufuria, ashike pembe za karatasi, ateremshe donge ndani pamoja na karatasi yake, afunike na kurudisha sufuria kwenye oveni. Baada ya dakika 30 ondoa mfuniko. Uache mkate dakika nyingine 15 hadi 20, mpaka ganda liwe la kahawia iliyokolea. Usiogope rangi, kwani ladha nyingi imo kwenye ganda.

Karibu saa tano asubuhi. Toa mkate, uugeuze, ugonge chini kwa kidole. Ukitoa mlio kama wa ngoma, umeiva. Uweke juu ya wavu upoe saa moja kabla ya kuukata. Huu ndio mtihani mgumu kuliko yote, kwa sababu nyumba nzima inanukia. Lakini mkate wa moto bado unaendelea kuiva ndani, na ukikatwa mapema unakuwa kama uji katikati. Wacha watu waende kuswali Ijumaa, wakirudi mkate uko tayari.

Kwa wale tunaofanya kazi za zamu, mpango huu unakubali. Zamu ya saa kumi na mbili ni sawa sawa na muda wa unga. Changanya kabla ya kutoka, oka ukirudi. Kama hutakuwa na nguvu ya kuoka, tia bakuli ndani ya friji, na unga utakungoja hadi kesho yake bila kuharibika.

Riyadh na Jeddah si hali moja

Muda wa saa kumi na mbili ni kwa chumba chenye nyuzi 21 hadi 23, yaani nyumba iliyowashwa kiyoyozi. Hamira hufuata joto, haifuati saa. Kwa hiyo kila mji una hesabu yake.

Riyadh iko mbali na bahari, kwenye mwinuko wa mita 600 hivi, na hewa yake ni kavu. Unga uliofunikwa kwa kitambaa tu utaota ngozi ngumu juu, na ngozi hiyo itaacha mabonge ndani ya mkate. Funika kwa kitu kisichopitisha hewa. Unga wenyewe pia unaweza kuwa umekauka, hivyo ukiona umebaki unga usiolowana, ongeza kijiko kimoja au viwili vikubwa vya maji. Usiku wa Januari, kama nyumba haina kipasha joto, unga unaweza kutaka saa 16 au hata 18. Msiwe na wasiwasi, uacheni uendelee.

Jeddah ina joto na unyevu wa Bahari ya Shamu karibu mwaka mzima. Jikoni pasipo na kiyoyozi, unga unaweza kuwa tayari kwa saa tano au sita, na ukiuacha mpaka asubuhi utakuta umebonyea na unanuka uchachu. Watu wa Jeddah wana njia mbili: kuchanganya unga alfajiri na kuoka adhuhuri, au kuuacha nje saa mbili na kisha kuutia ndani ya friji usiku kucha. Asubuhi uutoe, uukunje, uuache saa moja na nusu hadi mbili upoteze ubaridi. Ganda la mkate wa Jeddah pia hulainika upesi kwa ajili ya unyevu. Lirudishe kwenye oveni dakika tano kabla ya kula.

Kwa miji yote miwili, angalieni maji ya kiangazi. Matangi yako juu ya paa, na mchana bomba la maji baridi hutoa maji ya moto. Maji ya uvuguvugu yanaiharakisha hamira, na yanayokaribia nyuzi 60 yanaiua. Tumieni maji ya chupa ya kawaida, au yaliyokaa friji kidogo.

Kama sufuria au oveni haifai

Sufuria nzuri ni ya chuma kizito yenye mfuniko unaofunga sawasawa. Angalia kishikio cha mfuniko, kwani kikiwa cha plastiki kitayeyuka, basi kifungue kwa bisibisi. Sufuria yenye utando wa kuzuia chakula kisigande isitumike, kwa sababu kuipasha moto mkali ikiwa tupu huharibu utando na kutoa moshi wenye madhara. Bakuli la kioo pia liacheni, maana likiwa la moto likapokea unga wa baridi linaweza kupasuka.

Oveni nyingi za gesi zina moto chini tu, na mkate huungua kitako kabla ya kuiva juu. Weka trei tupu kwenye ngazi ya chini kabisa ili izuie moto mkali, na sufuria ikae ngazi ya kati.

Asiyekuwa na oveni asikate tamaa. Arudi kwenye mkate wa ufuta, ambao unataka kikaango na jiko la kawaida tu. Maneno ni yale yale na unga unaumuka vile vile.

Maneno machache ya afya na usalama

Sufuria ya nyuzi 230 haionekani tofauti na sufuria ya baridi. Haitoi mwanga wala moshi. Kwa hiyo mfuniko ukishatolewa, uwekwe mahali ambapo mtoto hafiki, na juu yake pawekwe kitambaa au glavu ya oveni kama alama kwamba ni wa moto. Kutia na kutoa sufuria ni kazi ya mtu mzima peke yake, na watoto wasimame mbali.

Mtu akiungua, mwagia sehemu hiyo maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kumbuka yale maji ya tangi: kwanza yajaribu kwa mkono wako, na kama ni ya moto tumia maji baridi ya chupa, lakini si barafu. Vua pete au bangili mapema kabla hapajavimba. Usipake dawa ya meno, asali, samli, yai wala mafuta. Vitu hivyo huzuia joto lisitoke na kumpa daktari kazi ya kusafisha kidonda. Mpeleke hospitali kama aliyeungua ni mtoto mdogo, au pameungua uso, mikono au viungo, au pametoka malengelenge makubwa. Namba ya gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu hapa Saudi Arabia ni 997.

Watoto wasilambe unga mbichi. Unga wa ngano haujapikwa, na unaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha ambavyo hufa mkate unapookwa. Baada ya kuchanganya, watu wote wanawe mikono.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Mkate wetu una gramu 8. Ukikatwa vipande 10, kila kipande kina gramu 0.8, na mtu anayekula vipande vitatu amekwisha chukua karibu nusu ya chumvi ya siku. Kwa mwenye shinikizo la damu, punguza hadi gramu 5, na hautaharibika, ila utaumuka upesi kidogo.

Kuhusu kisukari, nimesikia watu wakisema mkate uliochacha muda mrefu hauna madhara. Huo bado ni mkate mweupe, na unapandisha sukari ya damu. Mgonjwa ahesabu vipande vyake kama anavyohesabu tamis na wali. Anayetaka ulio bora kidogo aondoe gramu 100 za unga mweupe aweke unga wa ngano nzima, unaoitwa hapa burr, na aongeze vijiko viwili vikubwa vya maji.

Maneno ya kufanyia kazi nyumbani

Sasa narudi kwenye kazi yangu ya ualimu. Kuna jozi za vitenzi ambazo watoto wetu huzichanganya, na mkate unazieleza vizuri. Hamira inaumua unga, na unga unaumuka. Ni kama pasua na pasuka, inua na inuka, fungua na funguka. Cha kwanza kinamtaja anayetenda, cha pili kinataja jambo linalotokea.

Pia kuna nyakati. Kosa ninalolisikia sana darasani ni mtoto kusema "unga haukuumuka" akimaanisha bado. Muda mrefu wa mkate huu unatoa nafasi ya kulisahihisha bila kumkaripia. Usiku kabla ya kulala muulize: "Unga umeumuka?" Ajibu: "Bado, haujaumuka." Akiamka alfajiri kwa ajili ya swala, muulize tena. Ajibu: "Unaumuka." Saa tatu asubuhi: "Umeumuka!" Na ukiharibika, ndipo aseme: "Haukuumuka." Kwa mkate mmoja amepata sarufi ambayo ubaoni hutuchukua majuma mawili.

Maneno mengine ya kutumia mkiwa jikoni ni haya: kuchekecha, kupima, kumimina, kukoroga, kufunika, kunata, kuchacha, povu na mapovu, donge, kukunja, kunyunyiza, kuoka, kuiva, kuungua, ganda, kitako cha mkate. Kwa unga tunasema "umeiva" au "umechacha". Mkate mmoja umeiva, mikate miwili imeiva. Familia kutoka Kenya, Uganda na Kongo mnaosema chachu au yisti badala ya hamira, endeleeni kusema hivyo, na mtoto ajifunze kwamba wenzake wana neno jingine.

Wazazi, naomba jambo moja tu. Kuanzia Alhamisi saa tatu usiku hadi mkate unapokatwa, mazungumzo yote yanayohusu mkate yawe kwa Kiswahili. Mtoto akikwama, mpe neno, asikwepee lugha nyingine.

Wanafunzi, kazi yenu ya Jumamosi ijayo ni hii: andikeni sentensi sita kuhusu mkate wenu, mbili zenye "haujaumuka" au "haujaiva", mbili zenye "umeumuka" au "umeiva", na mbili mkieleza mlikuwa mnafanya nini wakati mnasubiri. Kila mmoja aandike pia unga wake ulichukua saa ngapi. Tutaziweka hesabu za Riyadh na za Jeddah ubaoni tuone tofauti. Atakayeweza kuja na kipande cha mkate, alete kimefungwa vizuri. Chai tutaandaa sisi walimu.